Picha Zisizoguswa

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo imenipa sauti kubwa na subira ndogo. Nakaa kiti cha abiria, mguu wangu uko juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Juu ya kioo cha mwanafunzi nimebandika kioo changu mwenyewe, chembamba, nione magari ya nyuma bila kumtegemea mtu ambaye jana tu alikuwa hajui klachi ni kanyagio lipi. Kioo kile hakionyeshi mdomo wala shingo. Ukikigeuza kidogo kinakuonyesha macho yako, nyusi na paji la uso, basi.

Kwa hiyo mtu asiniambie sikuwa na nafasi ya kuona. Nilikuwa nakaa na uso wangu kutwa nzima. Kuona niliona. Kuamini ndiko kulikonishinda, na sababu ilikuwa imetundikwa ukutani nyumbani kwangu, ndani ya fremu.

Mume wangu ni mpiga picha. Wateja wanamwita Fundi. Mimi namwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zetu wawili waliozaliwa siku moja na ambao tangu siku hiyo hawajakubaliana juu ya jambo lolote. Studio yake iko chini ya nyumba yetu: chumba kimoja chenye pazia la bluu, pazia jeupe, kigoda cha kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, na kando ya mlango kioo kidogo pamoja na kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vya mwanzo viliondoka na wateja. Nyuma ya mapazia hayo kuna meza na kompyuta. Hapo ndipo anaposafisha picha.

Kusafisha ndiko kunakomletea watu. Kupiga picha siku hizi nani hapigi? Lakini Baba Pacha anakuondolea kovu la tetekuwanga, anakulainishia mikunjo chini ya macho, jino lililopishana analirudisha kwenye mstari, na mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba mwenyewe huwezi kusema ameondoa nini. Unaona tu kwamba siku ile uliamka vizuri. Sheria yake ni moja, na sijawahi kumwona akiivunja: mteja haambiwi kasoro yake.

"Nikimwambia nimeiona, ataikumbuka kila akiitazama picha," alikuwa akisema. "Nikinyamaza, anakwenda kwao na furaha yake."

Nilikuwa naisifu sheria hiyo mbele ya watu. Nilisema mume wangu ana adabu ya macho.

Kila mwaka, siku tuliyooana, anafunga studio mapema, ananiketisha kwenye kigoda na kunipiga picha. Mimi peke yangu. Yeye hataki kuwamo. Anasema hakujioa mwenyewe. Picha hizo zilipangwa kwenye korido ya nyumba yetu, kuanzia mlango wa sebule mpaka mlango wa bafu. Wageni wakienda kunawa mikono walikuwa wanazipita, wanarudi wakiniuliza nakula nini. "Huzeeki, dada!" Nami nacheka kwa madaha, kana kwamba kutozeeka ni kazi ya mikono yangu.

Nyusi ndizo zilizotangulia. Zilianza kupungua upande wa nje, kidogo kidogo, nikachukua wanja nikajaza. Wanawake wangapi wanachora nyusi? Wengine wananyoa zao nzuri ili wachore mbaya. Zilipokwisha kabisa mkono ulikuwa umeshazoea, nikawa naweza kuchora mbili zilizo sawasawa huku chai ikipoa na pacha waliokuja likizo wakigombania bafu.

Vikafuata vipele. Vilikuwa vidogo, havina rangi, vimekaa kwenye panja na mashavuni, na ukipitisha kidole unahisi ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikasema ni joto. Gari la mafunzo halina kiyoyozi. Nikausugua uso kwa sabuni kali mpaka ukawaka moto. Kisha paji likaanza kuwasha jioni, pale hasa nywele zinapoanzia, nikalaumu kofia. Kofia nikaiacha. Halafu nikamlaumu msusi. Nilimwambia ananibana mno, nikahama saluni, nikamnunia mwanamke wa watu aliyenisuka tangu pacha wakiwa wachanga. Mpaka leo tukikutana sokoni anageukia nyanya.

Na nywele zilikuwa zinarudi nyuma. Zilirudi polepole, zote pamoja, kutoka sikio hadi sikio, na ngozi ziliyoiacha ikabaki laini na yenye kung'aa, tofauti na paji langu la siku zote. Mbele ya mstari zilibaki nywele chache, moja hapa, nyingine kule, zimesimama peke yake. Hizo zilinifurahisha sana. Nilimwita mmoja wa pacha nikamwonyesha. "Tazama, zinaota upya!" Naye, mtoto mwema, akasema naam mama, zinaota.

Wasiwasi ukinishika nilikuwa na dawa yake. Natoka kwenye kioo cha bafu, nasimama koridoni mbele ya picha ya mwaka ule, kisha ya mwaka wa nyuma yake, kisha ya nyuma zaidi. Mwanamke wa pichani ana nyusi. Paji lake ni lilelile. Na mimi ni mtu wa ushahidi: mwanafunzi akiniambia hakugonga koni, namwambia ashuke akaitazame. Basi nilijishusha mwenyewe, nikatazama, nikaona koni imesimama. Nikasema taa ya bafu ndiyo mbaya, inamfanya kila mtu aonekane amefukuliwa. Picha za simu hazikunisaidia, maana simu za pacha zinalainisha uso zenyewe bila kuulizwa, tena kwenye sherehe nilikuwa nafunga kitambaa.

Aliyenitoa huko ni mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alikuwa daktari wa ngozi, mwanamke kijana, mpole, msomi, na akishika usukani akili yote inabaki barazani. Kila tukifika njia panda anafumba macho. Siku hiyo nilimwamuru asimame pembeni ili nimpe vipande vyake.

"Daktari, ukifumba macho, gari linajuaje pa kwenda?"

"Samahani, Mwalimu."

"Samahani haina breki. Tazama mbele. Unaona nini?"

Hakutazama mbele. Alikuwa anakitazama kioo changu chembamba, na ndani yake alikuwa ananitazama mimi.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya," akasema. "Nyusi zako zilianza kupotea lini?"

"Hazijapotea. Hizi hapa."

"Hizo umechora, na umechora vizuri sana. Nauliza za chini yake."

Joto lilinipanda shingoni. Mtu asiyejua kuegesha gari kwenye uwanja mtupu ananihoji mimi! Nikamwambia awashe gari turudi. Aliweka gia, kwa mara ya kwanza bila kuikwaruza, akasema huku macho yake yako barabarani, "Na paji linawasha? Zaidi jioni?"

Tulimaliza mtaa mzima sijamjibu, tukapita kituo cha mafuta, tukapita ukuta mrefu wa kiwanda. Tulipofika geti la shule ya udereva nikasema, "Ndiyo."

Kwenye chumba chake cha kliniki hakufumba macho hata kidogo. Alinikalisha chini ya taa, akanifuta wanja kwa pamba, akashika lenzi yenye mwanga na kupita nayo pole pole kwenye mstari wa nywele, kwenye panja, mashavuni. Akapima paji kwa rula na kuandika. Akaniuliza hedhi ilikoma lini, kama mikono imepoteza vinyweleo, kama mama yangu au dada zangu wana kitu kama hiki. Alikata kipande kidogo cha ngozi, kidogo kuliko punje ya mchele, kipelekwe maabara. Nilimwonyesha zile nywele zangu za matumaini.

"Hizi zinaota upya, si ndiyo?"

Akaweka lenzi chini. "Haziji, Mwalimu. Hizi ndizo zilizobaki wenzao walipoondoka."

Majibu ya maabara yalipotoka alinieleza bila kuzunguka. Kinga ya mwili wangu ilikuwa imeigeukia mizizi ya nywele zangu mwenyewe. Kwa nini, akasema, hakuna anayejua vizuri. Huwapata zaidi wanawake wa umri wangu, na nisije nikamruhusu mtu yeyote kuniambia ni kofia au ni msusi. Mzizi ukishakufa panabaki kovu ndani ya ngozi, na kovu halioti nywele. Vile vipele vya usoni navyo ni ugonjwa huohuo, umevishika vinyweleo vya uso.

"Dawa ipo?"

"Ya kurudisha zilizokwenda, hapana. Za kujaribu kuzizuia zilizobaki zisiende, zipo, na wengi zinawasaidia."

"Na ningekuja mapema?"

Nilijua jibu kabla hajalisema. "Nyusi zilipoanza kupungua, pale ndipo ungekuja. Huenda mstari wako ungekuwa mbele zaidi ya hapa."

Alitaka jambo moja zaidi. Kwa watu wengine ugonjwa huu huenda kasi, kwa wengine unachoka na kusimama wenyewe, na dawa ninazostahili zingetegemea wangu ni wa aina gani. Rula yake ilikuwa na kipimo kimoja tu, cha siku ile. "Una picha za miaka ya nyuma? Za uso, karibu, zenye mwanga mzuri?"

Nikacheka. Mara ya kwanza kucheka kwenye chumba kile. "Daktari, mume wangu ni mpiga picha!"

Wiki iliyofuata nilibeba fremu zangu kwenye mfuko wa sokoni, nimezifunga taulo zisigongane. Alizipanga kitandani pa wagonjwa, mwaka kwa mwaka. Akazitazama. Akachukua lenzi yake akazitazama tena, akainuka, akanitazama mimi.

"Hii ya mwisho ni ya lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita hukuwa na nyusi, Mwalimu."

Nilitazama. Nyusi zilikuwepo. Hazikuwa za wanja. Naujua wanja wangu. Zilikuwa nyusi za unywele kwa unywele, zile nilizoolewa nazo. Paji lilikuwa la msichana. Kwenye panja hapakuwa na kipele hata kimoja. Daktari hakuuliza tena, na mimi sikuhitaji kuelezwa, kwa sababu ni mimi niliyekuwa naisifu adabu ile mbele ya watu.

"Kwa picha hizi," akasema kwa sauti ndogo, "wewe huumwi."

Nilimkuta Baba Pacha na mteja, mama mmoja na mtoto mchanga aliyekataa katakata kutazama kamera. Nilikaa kwenye benchi la kusubiria, mfuko wa fremu magotini, nikamtazama akimchekesha mtoto yule kwa funguo. Ni mtu mzuri, mume wangu. Nilikuwa nalijua hilo hata wakati ule, na ndilo lililonichoma zaidi. Mteja alipoondoka nikafunga mlango, nikaenda nyuma ya mapazia, nikaweka mfuko juu ya meza.

"Daktari anataka picha ambazo hazijaguswa," nikasema.

Hakuuliza zipi. Alikaa, akafungua kompyuta, akaingia mahali ambapo sijawahi kumwona akiingia. Zilikuwepo zote. Baba Pacha hatupi picha ya asili. Hata ya mteja aliyekufa anayo. Akaanza kuzifungua, moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama nyuma ya kiti chake nikitazama nywele zangu zikiondoka. Miaka ilipita kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nyusi zikawa nyembamba, zikawa nusu, zikawa wanja mtupu. Vipele vikajitokeza kwenye shavu la kushoto, kisha la kulia. Mstari ukarudi, ukarudi.

"Uliona," nikasema.

"Niliona."

"Tangu lini?"

Akarudisha picha nyuma, akasimama kwenye ile ya mwaka pacha walipoingia chuo. Aliijua bila kuitafuta. Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, mwisho wa unyusi wangu wa kulia. "Hapa."

Mwaka ule nilikuwa na nywele zangu zote.

"Na ukaziba."

"Nilidhani ni umri, Mama Pacha. Halafu nikakuona unachora, nikasema anajua. Mwanamke anaujua uso wake. Akitaka tuzungumze, atazungumza."

"Mimi nilikuwa nazitazama picha zako ndipo nijue!" Nilipiga kelele, nadhani mtaa wa pili walisikia. "Kazi yangu mimi, nikiona shimo nasema shimo! Siangalii gari likiingia ndiyo nianze kumpa dereva pole!"

Alivua miwani yake, akaishika mkononi. Akiivua haoni mbali, nikajua amefanya hivyo asinione.

"Nilikuwa nakuona koridoni," akasema. "Unatoka bafu, uso umekunjamana, unasimama mbele ya picha. Halafu unatabasamu. Kila mara. Ningekuondoleaje hilo?"

Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nilisema mengi. Nilimwambia ni mwoga. Nilimwambia mimi si mteja wake. Alisikiliza yote, na mwisho akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashindwa kujua nimkumbatie au nimtupie kitu: kwamba nyusi zile alizirudisha moja moja, kwa mkono, na ya mwaka huu ilimchukua siku mbili. Alilisema kwa kujitetea, taratibu, kama mtu anayeonyesha stakabadhi. Najua yalikuwa mapenzi. Sijawahi kupendwa na mtu mwingine namna ile. Na mapenzi hayohayo ndiyo yaliyonilia nywele.

Fremu sikuzirudisha ukutani. Korido ikabaki na misumari na miraba iliyokuwa myeupe kuliko rangi iliyoizunguka, na wageni wakawa wananawa mikono haraka.

Daktari alizipata picha za asili, akazipanga, akatikisa kichwa. Ugonjwa ulikuwa unakwenda, na mwaka wa mwisho ulikuwa umeongeza mwendo. Akanipa vidonge, akanipa mafuta ya kupaka, na kila baada ya muda akanichoma sindano ndogo ndogo kwenye mstari wa nywele, zenye uchungu wa kumfanya mtu mzima amtaje mama yake. Alipokuwa ananichoma nilimkumbusha sheria za njia panda, tuwe sawa. Tulichokuwa tunakipigania sasa ni kimoja: mstari usimame pale ulipofika. Nywele za utosini zilikuwa bado nzima. Mstari ukiendelea kurudi, baada ya miaka ningebaki na za kisogoni tu.

Alitaka na picha mpya, kila miezi mitatu, mwanga uleule, umbali uleule, uso mtupu.

"Ningekupiga mimi kwa simu," akasema, kisha akasita. "Lakini dirisha langu hili, leo lina jua, kesho lina mawingu. Mume wako ana taa."

"Anazo," nikasema.

Baba Pacha alibandika utepe sakafuni kuonyesha miguu ya kigoda ikae wapi, na mwingine mahali pa kamera. Nilinawa uso kwa sabuni, nikafungua kitambaa, nikaketi. Sijawahi kukaa mbele yake hivyo. Hata kitandani nilikuwa nalala na nyusi. Akainama nyuma ya kamera, akakaa huko muda mrefu.

"Mbona hupigi?"

"Taa," akasema. Taa zilikuwa sawa.

Alipopiga tukaenda nyuma ya mapazia. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, mkono wake ulikwenda wenyewe mahali panapochukuliwa ile brashi ya kusafishia. Naapa hakujua. Ni mkono uliofanya kazi ileile kwa nusu ya umri wake.

"Acha," nikasema.

Akaiweka mikono yote miwili mapajani, na picha ikatoka kwenye printa jinsi ilivyo. Niliishika ikiwa bado na joto. Palikuwa na mwanamke asiye na nyusi, mwenye ukanda mpana wa ngozi ing'aayo juu ya paji, vipele mashavuni, na nywele chache zilizosahaulika njiani. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilijisikia nimetambulishwa kwa mtu ambaye mume wangu ameishi naye miaka yote hiyo bila kuniambia. Nilimwonea huruma yule mwanamke. Angenijia mapema ningemsaidia.

Miezi mitatu ikapita. Daktari alifanya mtihani wa udereva akafeli, akafanya tena akafaulu, akaniletea keki ambayo ilikuwa imegonga kitu njiani. Pacha walikuja likizo. Mmoja akasema nijichore nyusi za kudumu, mwingine akasema nisithubutu. Kule kuwasha kulipungua, kisha kukaisha, nami nikaogopa kufurahi.

Siku ya picha ya pili nilikaa kwenye utepe wangu. Alipiga. Safari hii sikumfuata nyuma ya mapazia. Mteja alikuwa amegonga mlango, nikaenda kumfungulia na kumwambia asubiri. Niliporudi picha ilikuwa imeshatoka. Baba Pacha alikuwa ameiweka mezani kando ya ile ya kwanza, na uso wake umechangamka kama sijauona siku nyingi.

"Tazama," akasema. "Tazama, Mama Pacha. Haujasogea."

Nilitazama. Mstari ulikuwa palepale. Unywele uleule mpweke uliokuwa juu ya jicho la kushoto ulikuwa bado umesimama umbali uleule na wenzake. Moyo ukanipiga kwa furaha. Wakati huohuo mdomo wangu ukasema:

"Umeigusa?"

Uchangamfu ulimtoka taratibu. "Hapana," akasema.

Nilitaka kumwamini. Sina namna ya kueleza jinsi nilivyotaka. Niliichukua picha nikaenda nayo bafu, nikasimama mbele ya kioo, nikaiinua kando ya uso wangu, natazama huku, natazama kule, na taa ile mbaya juu yangu. Sikuweza kujua. Macho yangu yalikuwa yamefundishwa muda mrefu mno kuamini karatasi na kukikataa kioo, na sasa yalikuwa hayaamini chochote. Nikasikia Baba Pacha akimhudumia mteja chini, akimwambia ainue kidevu kidogo, hapo hapo, vizuri.

Kwa daktari niliziweka picha zote mbili mezani kisha nikazifunika kwa mkono.

"Usianze na hizi," nikamwambia. "Nipime kwanza."

Alinielewa. Akachukua rula, akapima katikati, akapima panja zote mbili, akarudia, akafungua faili akatazama alichoandika siku ya kwanza. Kisha akainua mkono wangu kutoka kwenye picha, akazitazama, akazitazama tena kwa lenzi, akacheka kwa sauti, daktari mzima.

"Umesimama, Mwalimu. Umesimama! Na picha inasema vilevile."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikitaka njia iwe ndefu. Baba Pacha alikuwa amefunga studio kabla ya wakati. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini, na nilipofungua mlango akasimama.

"Kasemaje?"

"Haujasogea," nikasema. "Kapima. Kasema picha ni ya kweli."

Alikuwa ameshafungua mikono anikumbatie. Akaishusha, akakaa tena.

"Kwa hiyo ulimuuliza," akasema.

Nilimuuliza, ndiyo. Na safari ijayo nitamuuliza tena.